Jana Nilimuuliza Kapteni Habari za Upepo

Ijumaa, baada ya adhuhuri. Baharini, nje ya mlango wa bandari.

Hakuna upepo. Bahari imetulia kama maji ya mtungini, jua limesimama utosini, na tanga kubwa linaning'inia kama kanzu iliyosahauliwa kambani. Nimejikunja upande wa nyuma wa mashua, chini ya kipande cha turubai, naandika juu ya goti. Mkono unatoka jasho na wino unatapakaa.

Leo alasiri nilikuwa nioe.

Naliangalia neno hilo "nilikuwa" na sina nguvu ya kulifuta. Alasiri yenyewe haijafika. Barazani kwa mkwe wangu Mwalimu Athmani, kule mtaa wa Kuze, mikeka imekwisha kutandikwa, na bila shaka wanawake wanabishana juu ya chumvi ya pilau. Mimi ndiye bwana harusi, na niko hapa, nautazama mnara wa taa wa Ras Serani ambao tangu Jumanne haujasogea karibu wala mbali. Naona watu wakitembea pale juu, wadogo kama sisimizi. Mji wenyewe siuoni. Umejificha nyuma ya Ngome.

Nikipiga kelele hapa watakaonisikia ni Wazungu watano tu. Na hao ndio ninaowaogopa.

Nieleze nilivyofika humu, labda nikiliona limeandikwa nitaliamini.

Vita vimekwisha, sukari bado tunainunua kwa kadi, lakini Wazungu wamerudia michezo yao. Safari hii wameshindana kwa mashua za matanga kutoka Durban mpaka Mombasa. Wiki nzima mjini hakuna habari nyingine. Wenye maduka wa Ndia Kuu wanabishana ni mashua ipi itaingia mwanzo, wanagombana hata, na hakuna mmoja wao aliyewahi kuziona kwa macho.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa meli. Kazi yangu ni karatasi za forodha. Wazungu wa mashindano hawakutaka wafike, wafunge kamba, kisha wakae kungojea karatasi huku chakula chao kinapoa klabuni. Kwa hiyo kamati yao ikakubali kwamba karani apande mashua ikiwa bado nje, aandike njiani, ili wakifika kila kitu kiwe tayari. Sharti ni moja. Karani akishapanda amehesabiwa kuwa mtu wa chombo. Hashuki mpaka mashua ivuke mstari wa mwisho chini ya Ras Serani, na hakuna chombo kingine kinachoruhusiwa kuigusa. Ikiguswa, au mtu akishuka, imeshindwa.

Jumanne mchana Bwana Mkubwa wa ofisi alinyoosha kidole, kikaniangukia mimi.

Makarani wenzangu wawili walikuwapo, wote hawana shughuli. Ningeweza kusema, "Samahani bwana, mimi naoa Ijumaa." Lakini Bwana Mkubwa hakujua kwamba naoa. Sikuwa nimemwambia. Kwetu bwana harusi hukaa fungate, siku saba ndani ya nyumba ya mkewe bila kutoka, na kwa ajili hiyo nilitakiwa kuomba ruhusa. Kila nilipofika mlangoni kwake niliuona uso wake umekunjamana, nikarudi mezani kwangu. Wiki iliyopita niliahirisha mpaka Jumatatu. Jumatatu niliahirisha mpaka Jumanne.

Jumanne nikasema, "Ndiyo, bwana," nikachukua mkoba wangu.

Upepo ulikuwa mzuri. Motaboti ya ofisi ilinifikisha, nikapanda ngazi ya kamba, motaboti ikageuka. Kapteni akaniambia tutakuwa bandarini kabla ya jua kuzama. Nilikuwa bado naandika majina ya mabaharia tanga likapiga, likapiga tena, kisha likanyamaza.

Ni maleleji. Kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, na mtoto yeyote wa Mombasa anajua kwamba wakati huu upepo huja unapotaka. Nilijua. Kapteni akatia nanga karibu na mwamba ili mkondo usituburute, na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Nyuma yetu kidogo ametia nanga mshindani wetu, mashua ya kijani. Kutwa kuna mtu amesimama juu yake na darubini anatutazama. Anatafuta kosa moja tu.

Sina raha humu. Mashua ni nyembamba kuliko kichochoro chetu. Chumba cha chini kinanuka nguo mbichi na mafuta ya taa. Nyama yao ya kopo siwezi kuila, kwa hiyo nakula biskuti ngumu na kunywa chai ya rangi. Jumatano nilitapika mbele yao wote, mimi mtoto wa Mombasa, mjukuu wa manahodha. Waligeuza nyuso kwa adabu. Ningependa wangecheka.

Hata swala inanitatiza. Natia nia nimeelekea kibla, nikifika rakaa ya pili mashua imekwisha kuzunguka nanga yake, najikuta naelekea Likoni.

Sasa kuhusu Kapteni. Si mtu mbaya. Ni mzee mwembamba, ngozi ya pua inambambuka kwa jua, na ananiita Bwana Saidi, jambo ambalo Bwana Mkubwa wa ofisi hajawahi kulifanya. Amenipa kitanda chake, yeye analala juu. Kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, na kila asubuhi namjibu kwamba nimelala vizuri sana, ahsante bwana.

Angekuwa mkali ningenyamaza bila haya. Watu wangesema, angefanya nini?

Siku mbili nilikuwa nalitunga kichwani neno la kumwambia. Mwalimu Athmani aliikubali posa yangu kwa sababu nina kazi ya ofisini. Nikimharibia Kapteni mashindano yake, kazi itakwenda. Kazi ikienda, posa itakwenda nayo. Nikikaa humu, harusi inanipita. Nimelizungusha hilo mpaka limenitia kizunguzungu kuliko bahari yenyewe.

Lakini huo si ukweli wote, na sina sababu ya kujidanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Ukweli ni kwamba mdomo ulikuwa haufunguki.

Jana asubuhi alikuja Mjomba Shee.

Mjomba ni kaka yake mama. Anashona viatu vya makubadhi Ndia Kuu, na mdomo wake unafanya kazi kuliko sindano yake. Alikuwa amekodi mashua ya makasia, amekaa mbele, kofia imemrudi kisogoni.

"Ewe bwana harusi!" alipaza sauti kutoka mbali. "Wamekufunga kwa mnyororo au kwa biskuti?"

"Mjomba, usikaribie! Usiiguse mashua!"

"Kwani ina ukoma?"

Nikamweleza sharti la mashindano kwa kupiga kelele, neno baada ya neno. Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Na huyu Mzungu yuajua kwamba kesho ndiyo harusi yako?"

Nikaitazama kamba ya nanga.

"Saidi! Yuajua au hajui?"

"Nitamwambia, Mjomba."

"Mwambie sasa. Niko hapa nangoja. Au wataka nikuazime ulimi?"

Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni, anamtazama mgeni wetu kwa furaha ya mtu aliyechoka kutazama maji. Mjomba hajui Kiingereza hata neno moja. Hilo nililijua vizuri.

Niligeuka. Nikamwangalia Kapteni usoni. Na kwa Kiingereza changu safi, kile ambacho walimu wangu walikisifu, nikamuuliza: "Bwana, waonaje, upepo utakuja leo?"

Kapteni akaangalia mbinguni, akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Sidhani. Pole sana."

Mjomba alikiona kichwa kikitikisika.

"Amekataa?" akauliza.

"Si umeona mwenyewe?" nikasema.

Hakuna hata neno moja la uongo ndani yake. Nimelichunguza tangu jana. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Mjomba alisimama wima ndani ya mashua, mpiga makasia akashika pande zote mbili. "Mzungu usiye na haya!" alimwambia Kapteni kwa Kiswahili. "Kwani kwenu watu hawaoi? Mwaatamiwa kama mayai?" Na mengine sitayaandika. Kapteni alimpungia mkono, akacheka. "Mjomba wako ni mtu mchangamfu," akaniambia.

Kabla ya kuondoka Mjomba alinipa salamu za Mwanaisha.

Sijaandika chochote juu ya Mwanaisha, kwa kuwa nikianza sitamaliza. Yeye ni binti wa Mwalimu Athmani, na ndiye anayewasomesha watoto wadogo wa kike katika chuo cha Kurani cha babake. Miaka mingi nimepita chini ya dirisha lile nikisikia sauti yake. Mtoto akikosea hamkatizi. Hunyamaza tu, mpaka mtoto mwenyewe alisikie kosa lake akarudi nyuma. Nilikuwa nikisimama kichochoroni kama ninayefunga kamba za viatu, nasikiliza ule ukimya.

"Yuasema hivi," Mjomba alipaza sauti. "Kama ni upepo, atangoja. Kama ni Mzungu, atangoja. Kama ni wewe mwenyewe, na ajue."

Mawimbi madogo yaligonga ubavu wa mashua.

"Basi nitamwambia ni Mzungu," akasema Mjomba, na mashua ikageuka.

Nilimwacha aende.

Leo asubuhi ikarudi mashua ile ile. Mjomba alikuwa amekaa nyuma, na mbele, chini ya mwavuli mweusi, alikuwa amekaa Mwalimu Athmani na kanzu yake ya Ijumaa.

Mwalimu haipendi bahari. Kila mtu Kuze anajua. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kwa dua, mkono mmoja umeung'ang'ania ukingo. Walipofika karibu alifumbua macho, akaniangalia, akaitikia salamu yangu, basi.

Mjomba ndiye aliyenipa habari, na alizitoa kwa fahari. Tangu jana mjini hakuna anayebishana tena juu ya mashua ipi itaingia mwanzo. Wanazungumza habari za Mzungu aliyemfungia karani wa watu baharini siku ya harusi yake. Wenye maduka wa Ndia Kuu wameapa hawatamuuzia hata kiberiti akishuka. Kuna waliotaka kwenda kumshtaki kwa Liwali. Bibi mmoja amemlaani mbele za watu, kwa jina la nahodha wa mashua nyeupe, maana jina lake hasa halijui.

Nyuma yangu huyo nahodha wa mashua nyeupe alikuwa akinyoa ndevu kwa maji ya bahari, anaimba puani.

"Sabalkheri, Kapteni," Mwalimu akasema.

Kapteni akafuta povu shavuni, akavua kofia.

"Saidi, tafsiri," Mwalimu akaniambia. "Usiongeze, usipunguze. Mwambie mimi ni baba wa binti ambaye karani huyu amuoa leo alasiri. Mwambie sikuja kugombana. Nimekuja kumuuliza kwa heshima, kwa nini amekataa kumwachia mkwe wangu?"

"Mzee anasemaje?" Kapteni akaniuliza.

Niliiona njia. Niliiona wazi kabisa, kama ninavyouona mnara ule. Ningemwambia Kapteni kwamba mzee huyu anauza madafu, bwana, anauliza kama mnataka. Kapteni angetikisa kichwa. Kichwa chake ni chepesi kutikisika. Wangerudi pwani na hasira zao, mimi ningebaki mtu wa kuonewa, na mtu wa kuonewa hungojewa.

Nikamtazama Mwalimu nione kama anamwangalia Kapteni. Hakuwa akimwangalia Kapteni. Alikuwa ameniangalia mimi, amenyamaza. Hakukunja uso. Alingoja tu.

Nikajua bintiye alijifunza wapi kunyamaza kule.

Nikatafsiri. Yote. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, nyembamba, kama ya mwanafunzi anayesimamishwa mbele ya darasa.

Kapteni alibaki na wembe mkononi. "Unaoa?" akasema. "Leo?"

"Ndiyo, bwana."

"Lakini hakuna mtu aliyeniuliza."

"Yuasema nini?" Mwalimu akauliza.

Nikatafsiri: "Yuasema hakuna mtu aliyemuuliza."

Mjomba aliinuka. "Hakuulizwa? Si ulimuuliza jana, na mimi nipo?"

"Jana nilimuuliza habari za upepo, Mjomba."

 Mjomba aliketi kwa kishindo, mashua ikayumba, Mwalimu akaushika mwavuli kwa mikono miwili. "Na matusi yangu yote yale!" Mjomba akasema. "Nimemtukana mtu wa watu mpaka kwa babu yake, naye anipungia mkono!"

Mpiga makasia aligeuza uso kando. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Kapteni akaniomba nimwambie yote, na nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliitazama mashua ya kijani na yule mtu wa darubini. Akawatazama watu wake wanne, waliokuwa wamekaa na vikombe vyao vya chai, na ambao sasa hakuna aliyekuwa akinywa. Hawa watu wametoka Durban. Vidole vyao vimepasuka kwa kamba. Mmoja ana jipu shingoni kubwa kama limau, na sijamsikia akilalamika.

"Shuka," Kapteni akaniambia. "Panda mashua ya mzee. Kamati nitazungumza nayo mwenyewe."

 Mwenye jipu alikiweka kikombe chini polepole.

Tangu Jumanne nilikuwa nangoja neno hilo moja. Lilipokuja miguu yangu haikutembea.

"Yuasema nini?" Mwalimu akauliza tena.

"Yuasema nishuke."

"Na ukishuka, yeye atapata nini?"

"Atakuwa ameshindwa, Mwalimu. Safari yote itakuwa bure."

Mwalimu aliufunga mwavuli, ingawa jua lilikuwa kali. Nadhani alihitaji kitu cha kufanya kwa mikono.

"Basi kaa humo humo," akasema. "Jana ulimfanya mtu huyu kuwa katili na yeye hana habari. Leo usimfanye kuwa aliyeshindwa. Kaa mpaka afike."

"Na nikahi, Mwalimu?" Aliyeuliza ni Mjomba, si mimi.

"Nikahi itasomwa siku kijana huyu atakaposimama barazani kwangu, mbele ya wote waliomlaani Kapteni, aseme kwa kinywa chake alichofanya. Akija leo, watu watakuwa wamekaa. Akija mwezi ujao, nitawaita tena. Asipokuja, hilo nalo ni jibu."

"Na Mwanaisha?" Hili niliuliza mimi. Hata sijui sauti ilitoka wapi.

"Hatasikia kwangu. Wala kwako wewe, Shee," akamgeukia Mjomba, ambaye aliinamisha kichwa kama mtoto. "Yeye atakuwa nyuma ya dirisha la baraza. Atasikia pamoja na wengine."

Kisha akaniamuru nimwombe Kapteni radhi kwa maneno ya jana. Kapteni akauliza ni maneno gani. Nikamwambia, pamoja na yale ya mayai. Alicheka mpaka akajishika kwenye mlingoti, na watu wake wakacheka naye, na hata Mjomba, bila kujua wanachekea nini, akacheka.

Mimi peke yangu sikucheka. Mimi na Mwalimu.

Walipokwisha kwenda Kapteni alimaliza kunyoa. Alipokuwa akikausha wembe akasema, kama anayezungumza na wembe wenyewe, "Habari za upepo." Akashuka chini. Bado ananiita Bwana Saidi. Lakini sasa anapumzika kidogo kabla ya kulitamka.

Nimekaa hapa tangu wakati huo.

Nilidhani nimefungwa na sharti la mashindano. Nikadhani nimefungwa na maleleji. Au na Bwana Mkubwa, na mkunjo wa uso wake. Nimezihesabu kamba zote hizo siku nne na sikuona kwamba kila moja nimeifunga mimi, kwa kutosema jambo dogo wakati lilipokuwa dogo. Ofisini lilikuwa sentensi moja. Jumanne, ngazini, lilikuwa bado sentensi moja. Leo limekuwa baraza nzima ya watu.

Naandika hili nikiona haya: tangu Mwalimu aondoke, naomba upepo usije.

Usije leo. Watu wa Kuze waende zao, wasahau, mashindano mengine yaje. Humu ndani angalau hakuna anayenitaka niseme kitu. Naangalia mwamba, naangalia povu, nakula biskuti. Nimeanza kukipenda kipande hiki cha turubai.

Naweza kuishi hapa? Najiuliza swali la kijinga hivyo, na najisikia nikilijibu kwa uzito.

*

Baadaye.

Naandika haraka, maandishi yatakuwa mabaya.

Nilikuwa nimesinzia. Nikaamshwa na sauti ambayo sikuitambua mwanzo, kama mtu anayekung'uta shuka. Lilikuwa tanga. Upande wa bahari kuu maji yalikuwa yamebadilika rangi, ukanda mweusi ulikuwa ukitujia, na Kapteni alikuwa amesimama na kidole kilicholowa juu ya kichwa chake, mdomo wazi kama mtoto.

Kisha kila mtu akawa anapiga kelele. Nanga yetu, nanga ya mashua ya kijani, minyororo yote miwili ikilia kwa pamoja juu ya maji. Mwenye jipu alinitupia kamba kifuani bila kuuliza kama mimi ni karani. "Vuta!" Nikavuta. Nimevuta mpaka viganja vimechubuka, na kwa muda ule sikuwaza chochote. Ni muda mzuri kuliko wote niliopata wiki hii.

Sasa tunakwenda. Mashua imelala ubavu, maji yanapita ukingoni, na mnara wa taa umeanza kusogea. Mashua ya kijani iko sambamba nasi, karibu kiasi cha kumwona yule mtu wa darubini, amekwisha kuiweka chini, naye anavuta kamba. Hakuna ajuaye nani atatangulia. Namwomba Mungu atangulie Kapteni. Mimi sina haki ya kuomba jambo jingine leo.

Pale juu Ras Serani watu wamejaa, wanapunga vitambaa. Wengine ni wa mashindano. Wengine, najua, wamekuja kumwona Mzungu katili.

Karatasi zake za forodha ziko tayari, zimetiwa sahihi. Akivuka mstari tutageuka kuingia Bandari ya Kale, na nitakuwa huru kushuka chini ya Ngome, na kutoka Ngomeni mpaka Kuze ni mwendo wa mtu kuzungumza na nafsi yake kidogo tu.

Tayari najikuta nazungumza nayo. Kanzu ya harusi iko nyumbani kwa mama. Bwana harusi hawezi kuingia Kuze na suruali iliyokauka chumvi. Lazima nioge kwanza. Lazima nipeleke mkoba ofisini, na nikiwa ofisini ndiyo nafasi ya kumwomba Bwana Mkubwa ruhusa ya fungate, na labda uso wake leo utakuwa umekunjamana, basi nitangoja kidogo. Jua litazama. Watu watatawanyika. Mwalimu amesema hata mwezi ujao.

Ni nzuri sana sababu hizi. Kila moja ni ya kweli.

Naandika hapa ili nisije nikajikana. Mkoba nitamwachia mlinzi wa bandarini. Sitapita nyumbani. Nitashuka na suruali hii hii, nishike Ndia Kuu katikati, mbele ya maduka yote, na atakayeniuliza habari za Mzungu nitamwambia afuatane nami mpaka barazani, asikie huko.

Nikipita nyumbani nitaoga, na nikishaoga nitakaa.